Umemwaga oili? Usiwashe gari kwa pupa

Kila ukimwaga oili na kufunga filta mpya, kuna sekunde chache ambazo injini yako inazunguka bila presha ya oili. Ufunguo umegeuka, gari limewaka, kranki (shafti kuu ya injini) inazunguka zaidi ya mara ishirini kwa sekunde moja, na pampu bado inahangaika kujaza filta tupu. Kwenye dashibodi utaona taa nyekundu yenye mchoro wa kibirika kinachodondosha tone. Siku za kawaida taa hiyo huzimika kabla hujatoa mkono kwenye ufunguo. Siku ya kumwaga oili inang'ang'ania.

Kazi yetu hapa ni kuzifupisha sekunde hizo, na kuhakikisha hakuna mtu anayekanyaga mafuta taa ikiwa bado inawaka. Nitatumia injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,500, ile iliyomo kwenye Probox, IST na Raum, kwa sababu ndiyo niliyoilalia chini mara nyingi. Kama gari lako lina injini nyingine, hatua ni zilezile ila vipimo vichukue kwenye kitabu cha gari lako.

Kwanza nikutoe hofu. Injini iliyomwagwa oili haikauki kama sufuria. Kwenye beringi zinazoishika kranki, kwenye kamshafti (shafti ya juu inayofungua vali) na kwenye kuta za silinda hubaki utando, na viungo vya zinki na fosforasi vilivyomo kwenye oili huacha tabaka jembamba lililoshika chuma. Hilo ndilo linaloikinga injini sekunde hizo za mwanzo. Kwa hiyo kuwasha mara moja hakuui injini. Shida ni kwamba kranki, ikiwa na presha, inaelea juu ya oili na haigusi beringi kabisa; ikikosa presha inaketi juu yake. Ikiketi injini ikiwa silensa, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta, inaramba kidogo. Ikiketi huku mtu anapiga resi, inakwangua.

Andaa kila kitu kabla ya kugusa bolti

Hili watu hulidharau. Niliwahi kupeleka gari gereji moja, oili ikamwagwa, ndipo ikagundulika filta iliyopo dukani si yenyewe. Kijana akatumwa Kariakoo. Alirudi baada ya saa tatu, na muda wote huo bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilikuwa wazi na filta ya zamani imeshatolewa. Nilipowasha, taa ilikaa nikahesabu mpaka saba, na mbele ya injini cheni inayozungusha kamshafti ikawa inachakarisha kama misumari ndani ya kopo.

Sababu yake ni hii. Pampu ya oili ya 1NZ-FE imo ndani ya kava la mbele, inazungushwa moja kwa moja na kranki, na imekaa juu zaidi ya oili iliyoko kwenye sampu. Ina maana lazima inyonye kwenda juu. Meno yake yakiwa yamelowa, inanyonya mara moja. Ukiacha gari wazi kwa saa kadhaa, oili iliyokuwa ndani ya pampu na njia zake inateremka taratibu, na pampu inaanza kwa kunyonya hewa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, viwe mezani au chini kwenye boksi: oili lita 4, filta, washa mpya ya bolti, spana namba 14, beseni, faneli, vitambaa safi na tochi. Chukua filta uliyonunua uilinganishe na iliyofungwa kwenye gari: upana wa mpira, na nyuzi za tundu la katikati. Kazi yenyewe, kutoka bolti kufunguka mpaka gari kuwaka, isizidi nusu saa.

Oili nzito si kinga

Fundi wengi watakwambia gari limetembea sana, weka 20W-50. Kwa injini iliyochoka kweli, inayokula oili na kutoa moshi, nawaelewa. Lakini kuiweka kwenye 1NZ nzima kwa sababu tu kilometa zimefika laki mbili ni kuiongezea tatizo lilelile tunalolikimbia. Kwenye joto la nyuzi 40, 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Inachukua muda zaidi kupanda, kujaza filta, kufika kwenye kamshafti juu kabisa, na kupenya kwenye vitundu vya VVT-i (mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa vali kufunguka) ambavyo ni vyembamba.

Namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo inayosema oili itakuwaje injini ikiwa baridi. Inayofuata inasema itakuwaje ikishapata moto. Dar es Salaam, ambako hata alfajiri ya Julai hakuna baridi ya kutisha, kati ya 5W na 10W hutaona tofauti kubwa. Makete, Njombe au Limuru, mwezi wa sita na wa saba, utaiona. 5W-30 ndiyo niwekayo, na 10W-30 nikikosa.

Filta: hapa usiwe na haraka

Geuza filta mpya uangalie mdomo wake. Katikati kuna tundu kubwa lenye nyuzi, pembeni limezungukwa na vitundu vidogo. Oili chafu huingia kwa vile vidogo, inapita kwenye karatasi, inatokea kwenye lile kubwa ikiwa safi na kwenda kwenye beringi. Sasa chukua njiti ya kiberiti, isafishe, uiingize polepole kwenye kitundu kimoja cha pembeni. Utahisi kitu laini kinasukumika na kurudi. Huo ni mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Tazama kwa tochi utauona, mweusi mara nyingi, au wa rangi ya machungwa kama ni wa silikoni.

Mpira huu ndio unaoamua gari lako litawakaje kila asubuhi, si siku ya oili peke yake. Ukiwa mzima, filta inalala ikiwa imejaa, na asubuhi presha inapanda papo hapo. Ukiwa mgumu, umejikunja, au haupo kabisa (filta bandia zisizo nao zipo madukani, na kwa nje zimepakwa rangi nzuri kuliko za kweli), oili yote inashuka usiku na kila asubuhi unaanza na filta tupu. Yaani unajifanyia siku ya kumwaga oili kila siku. Filta ukiigusa na njiti na usihisi mpira, mrudishie muuzaji.

Wa silikoni unadumu zaidi kwenye joto. Bei yake inapanda kidogo. Mimi hulipa.

Kumwaga

Washa gari dakika tano ili oili ipate uvuguvugu na kubeba uchafu, kisha zima. Isiwe ya moto wa kuunguza. Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, magurudumu yamewekewa mawe. Ukilinyanyua, liweke kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata kama jirani anafanya hivyo kila wikiendi.

Fungua mfuniko wa juu, kisha bolti ya sampu, uache oili ishuke. Ikifika hatua ya kudondoka tone moja moja, dakika kumi zinatosha. Wapo wanaosubiri tone la mwisho, na hata wanaopuliza kwa kompresa ili itoke yote. Sioni faida. Kijiko kimoja au viwili vya oili ya zamani havichafui lita tatu na nusu za oili mpya, na hiyo iliyobaki kwenye pampu na njia zake ndiyo itakayokusaidia kuwasha.

Futa bolti, weka washa mpya, ifunge. Mwenye spana ya kipimo aende kwenye Nm 37 hivi. Asiye nayo akaze kwa mkono mmoja kwenye spana fupi, aache pale inapogoma. Sampu nyingi ninazoziona zimetoboka nyuzi hazikuharibiwa na mtu dhaifu.

Kuifunga filta ikiwa imelowa

1NZ-FE inataka lita 3.7 ukibadilisha filta, na lita 3.4 usipoibadilisha. Tofauti hiyo, lita 0.3, ndiyo pengo la filta. Usipolijaza kwa mkono, pampu italijaza yenyewe injini ikiwa inazunguka, na mpaka imalize hakuna kinachokwenda kwenye beringi. Ndiyo maana taa inachelewa.

Simamisha filta mdomo juu. Fungua chupa mpya ya oili, usitumie mabaki ya kidumu kilichokaa wazi stoo. Mimina kidogo kidogo kwenye vile vitundu vya pembeni, si kwenye tundu la katikati. Ukimimina katikati, chochote kilichomo, vumbi la faneli au kipande cha plastiki cha kifuniko, kitakwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kupita kwenye karatasi. Pembeni inaingia taratibu. Mimina, subiri karatasi inywe, mimina tena. Utaona yenyewe oili inaanza kuchungulia katikati.

Utajaza kiasi gani inategemea filta inavyokaa kwenye gari lako. Ikisimama mdomo juu, jaza karibu yote. Ikikaa kiubavu au imeinama, jaza kama nusu, uipande haraka, na ukubali kumwagikiwa kidogo mkononi. Zipo injini, kwa mfano za Subaru Forester za kuanzia 2011 hivi, ambazo filta iko juu na mdomo wake unatazama chini. Hapo huwezi kujaza, ila lowesha karatasi kwa kuimiminia, iache inywe dakika chache, umwage iliyozidi. Karatasi iliyolowa haimezi oili nyingi kama kavu.

Kabla ya kuifunga, pitisha kidole mahali filta inapokalia kwenye injini. Tafuta mpira wa filta ya zamani. Mara nyingine hunasa pale, filta ikatoka bila mpira wake. Niliwahi kufunga mpya juu ya mpira wa zamani. Gari likawaka vizuri, taa ikazimika, nikaanza kukusanya spana huku najisifu. Baada ya nusu dakika taa ikarudi. Niliinama nikakuta oili inatiririka kuelekea getini. Tangu siku hiyo naihesabu mipira: filta ya zamani lazima iwe na wake mkononi mwangu kabla sijafunga mpya.

Paka oili kwenye mpira mpya, zungusha kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, bila spana.

Kujaza

Mimina lita 3.3 hivi kwanza, taratibu, kupitia juu. Ukimimina pole, oili inapita kwenye kamshafti na cheni ikiwa njiani kwenda chini, na hizo ndizo sehemu zinazopata oili mwisho gari likiwashwa. Subiri dakika tano, pima kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Uone oili ipo. Nimeshaona gari likipigwa starta na kijana aliyesahau hatua hii nzima kwa sababu simu iliita katikati. Ndiyo maana mimi naufunga mfuniko wa juu mwisho kabisa, baada ya dipstiki, na ufunguo wa gari naukalisha juu ya betri mpaka hapo.

Kuzungusha bila kuwaka: lini ni lazima, lini ni mbwembwe

Unaweza kupandisha oili kabla injini haijawaka, kwa kuizungusha na starta peke yake. Starta inazungusha injini polepole na hakuna mlipuko unaozikandamiza pistoni, kwa hiyo beringi hazielemewi. Kwenye 1NZ chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye kiboksi cha fyuzi, weka gia kwenye P, piga starta sekunde tano, pumzika robo dakika, rudia mara mbili au tatu. Tazama taa ya oili. Kuna siku itazimika ukiwa bado unazungusha, na hapo ujue presha imefika. Rudisha fyuzi. Gari linaweza kuwa na silensa ya kuyumba kwa dakika chache kwa sababu kompyuta imesahau ilichojifunza, usihangaike.

Kuna njia ya mkato inayosambaa: kanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga starta, ati kompyuta itakata petroli. Kwenye magari mengi ya EFI (yanayopulizia petroli kwa kompyuta) ni kweli. Lakini ukikosea, au kama la kwako halina mpango huo, gari litawaka likiwa limekanyagwa mafuta yote na filta tupu, jambo lenyewe tulilolikimbia tangu mwanzo. Fyuzi ni salama zaidi. Kwenye dizeli za pampu ya zamani unachomoa waya wa solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu. Gari la kuwasha kwa kitufe, liache.

Je, ni lazima kila mara? Kwa 1NZ nzima iliyojazwa filta kwa mkono na kukaa wazi dakika ishirini, hapana. Unachosha betri bure. Nafanya hivyo kwa gari lililokaa wazi kwa saa nyingi, injini iliyotoka kufunguliwa, filta ambayo haikuwezekana kujazwa, na gari lenye tabo (turbo). Shafti ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikielea juu ya oili hiyohiyo, na iko mwisho wa mstari. Gari lililolala wiki kadhaa bila kuwashwa nalo linastahili mizunguko miwili mitatu, hata kama oili haijabadilishwa.

Kuwasha

Washa. Mguu uwe mbali na pedeli. Macho kwenye taa, hesabu: moja, mbili, tatu. Filta iliyojazwa huwa inazima taa ndani ya sekunde mbili tatu. Tupu, sekunde tano hivi. Ukifika kumi na bado inawaka, zima gari. Usiwashe tena kujaribu bahati. Angalia chini kama inavuja, angalia dipstiki, angalia filta ni yenyewe. Vyote vikiwa sawa, rudi kwenye starta na fyuzi.

Sasa ile desturi. Fundi anawasha, anakimbilia kwenye boneti, anavuta kebo ya mafuta vuum, vuum, "kuipandisha oili". Nimejaribu kuwatoa mafundi kwenye imani hii na nimeshindwa zaidi ya nilivyofaulu. Ni kweli pampu inazunguka na kranki, ukipiga resi inasukuma zaidi. Lakini kranki, konrodi na pistoni nazo zinazunguka zaidi, zikiwa hazijapata kitu. Silensa inatosha kabisa kujaza lita 0.3. Mwambie fundi mapema, kwa heshima: "Kaka, naomba niwashe mwenyewe." Hiyo sentensi imeokoa beringi zangu kuliko oili yoyote ya bei kubwa.

Taa ikizimika usidhani presha imejaa. Swichi yake hufunguka kwa presha ndogo tu. Ipe injini nusu dakika nyingine ya silensa, dakika nzima kama kuna tabo. Tumia muda huo kushuka na kumulika filta na bolti. Kisha zima, subiri dakika tano mpaka kumi, pima, ongeza taratibu mpaka alama ya juu. Usiipite. Oili iliyozidi inachapwa na kranki inakuwa povu, na povu halibebi kitu.

Halafu toka barabarani. Kuacha gari likinguruma uani kwa robo saa hakuna maana. Linapata moto polepole na petroli inateremka kwenye oili. Endesha pole, resi isizidi mizunguko 2,500 kwa dakika, mpaka gari lipate joto lake. Oili chafu itie kwenye kidumu, si kwenye mtaro; seremala wa mtaani ataihitaji kwa mbao zinazoliwa na mchwa, mwambie tu avae glavu.

Kesho yake asubuhi

Kabla hujaenda kazini, fungua kioo, zima redio, na uwashe. Gari limelala usiku kucha, na hapa ndipo filta inapojieleza. Taa ikizimika mara moja na injini ikatulia, mpira ule ulioupima kwa njiti unafanya kazi. Ukisikia cheni inachakarisha kwa sekunde moja mbili kisha kimya, na haikuwa hivyo kabla ya kubadilisha, usimwendee fundi wa cheni kwanza. Nunua filta nyingine, ya bei, uijaze, uifunge, halafu usikilize tena kesho kutwa.